UZI: Mkono wa mtoto ulikuwa "unalala" kila akipuliza uji. Kumbe ni mishipa ya ubongo

Mama_wa_Wawili (mwenye uzi)

Wadau, hamjambo. Humu mimi ni msomaji wa kimya, nimekaa miaka bila kuandika neno. Ila jana kuna mzazi aliuliza kuhusu mtoto ambaye mkono "unazima na kuwaka", na majibu aliyopewa ni yale yale niliyopewa mimi: mpe vitamini, ni uchovu, atakua aache. Imebidi niandike. Chemsheni chai, ni ndefu.

Kijana wangu wa kwanza ana miaka tisa sasa. Yalipoanza, Aprili mwaka jana, alikuwa na saba na nusu. Tunakaa Donholm, basi la shule linapita saa kumi na mbili na robo, kwa hiyo kwetu uji unanywewa ukiwa bado unatoa mvuke. Akapuliza, akapuliza, mara kikombe kikamponyoka, uji ukamwagika kwenye sweta ya shule. Nikamgombeza. Akainama kuokota kikombe kwa mkono wa kushoto, na huyu mtoto si wa kushoto. Nikamuuliza, akasema, "Mama, mkono umelala." Baada ya dakika tano hivi ukaamka. Akabadilisha sweta akaenda shule, nami kufikia saa nne nilikuwa nimeshasahau. Naandika hilo kwa aibu.

Ikarudi siku aliyolia sana kwa sababu dada yake alimvunjia gari la waya. Safari hii mdomo ulienda upande kidogo na maneno yakawa mazito, kama mtu aliyetoka kung'olewa jino. Ikapita. Ikarudi baada ya mbio za michezo shuleni. Ikapita. Katikati ya hayo, kichwa kuuma karibu kila asubuhi.

Kliniki ya mtaani: malaria, ingawa kipimo hakikuonyesha kitu. Hospitali ya pili: kifafa. Hapo walimfunga zile nyaya za kupima umeme wa ubongo, wakampa kipande cha karatasi apulize kwa nguvu kama dakika tatu. Mkono wa kulia ukaanguka palepale kitandani, mbele yetu sote. Wakaandika "kifafa", tukarudi na dawa za miezi mitatu. Shosho yake akasema ni jicho la mtu. Mchungaji akamwekea mikono. Simcheki yeyote, mimi mwenyewe nilishika kila kamba niliyorushiwa. Kilichoniuma ni mwalimu mmoja aliyesema mtoto anajifanya ili asiandike.

Aliyefungua kesi ni daktari kijana wa zamu ya usiku. Wengine wote walikuwa wameuliza "inachukua muda gani?" Yeye akauliza, "Kabla ya mkono kulala, alikuwa anafanya nini?" Nikamtajia: uji, kilio, mbio, ile karatasi. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Mama, hizo zote ni pumzi." Asubuhi yake akaagiza MRI ya ubongo pamoja na picha ya mishipa.

Jibu likaja na jina ambalo nilidhani ni la mgahawa: moyamoya. Ateri mbili kubwa zinazopanda shingoni kulisha ubongo zimekuwa nyembamba pale juu, mahali zinapogawanyika ndani ya fuvu. Na kwenye picha tayari kulikuwa na kovu dogo upande wa kushoto, yaani kiharusi kilishapita na sisi tunampa dawa ya minyoo.

Amefanyiwa upasuaji pande zote mbili, hapa hapa Nairobi. Hospitali sitaitaja, nzuri wala mbaya, msiniulize faraghani. Mengine ulizeni, nitajibu nikipata nafasi.

KifaruWaKayole

Pole sana mama. Lakini moyamoya? Hiyo si ile "moja moja"? 😅

NesiWaUsiku

Kifaru, ni Kijapani. Ugonjwa wenyewe ulielezwa Japani mwaka 1957, jina likaja mwaka 1969 kutoka kwa madaktari Suzuki na Takaku. Ateri kubwa zikibana, ubongo hujitafutia vijishipa vidogo vidogo chini yake. Ukipiga picha ya rangi, vile vijishipa huonekana kama moshi uliofuka hewani. Kwa Kijapani, kitu cha ukungu ukungu namna hiyo ndiyo moyamoya.

Mimi ni nesi, nimekaa wodi ya upasuaji wa ubongo miaka kadhaa. Si daktari, kwa hiyo nichukulieni hivyo. Niongeze moja kuhusu pumzi, kwa sababu Mama wa Wawili amelitaja na watu watalipita. Mtu akipumua kwa kasi au akipuliza sana, hewa ya kaboni dayoksaidi hupungua kwenye damu. Ikipungua, mishipa ya ubongo hubana. Wewe na mimi tukipuliza jiko la makaa tunasikia kizunguzungu tu. Mtoto mwenye moyamoya mishipa yake ilishatanuka mpaka mwisho ili damu ifike, hana akiba. Ikibana kidogo tu, sehemu ya ubongo inalala njaa. Ndiyo maana mkono ulizima mezani, na ndiyo maana ile karatasi ilimwangusha.

Na kupita kwake kusiwafariji. Kiharusi kinachopita ni kiharusi kilichobisha hodi.

Fundi_Bomba

Mimi nauliza kwa lugha ya kazi yangu. Paipu ikiziba tunapitisha waya, tunazibua. Ikishindikana tunakata tunaweka nyingine. Kwa nini wasizibue palepale palipobana? Mbona watu wa moyo wanawekewa kile kichuma cha kutanua mshipa?

NesiWaUsiku

Fundi, swali lako ndilo lenyewe. Mshipa wa moyo wa mzee huwa umejaa mafuta ndani, kama paipu yenye kutu. Hapa hakuna uchafu wa kuzibua. Ukuta wenyewe wa ateri unanenepa kuelekea ndani hadi njia inakwisha. Kutanua kwa puto na kuweka stenti, hicho kichuma chako, kumejaribiwa kwa moyamoya, mishipa ikajibana tena. Na hakuna dawa inayorudisha ateri ilivyokuwa.

Kwa hiyo daktari anaiacha laini kuu, anavuta laini kwa jirani. Weka kidole kwenye panja, mbele ya sikio, utasikia mshipa unadunda. Huo unalisha ngozi ya kichwa, na ngozi ya kichwa ina damu ya kutosha kugawia wengine.

Njia ni mbili. Ya kwanza ni kuunga moja kwa moja: mshipa wa panja unakatwa, unapitishwa kwenye tundu la fuvu, unashonwa kwa ateri iliyo juu ya ubongo, yote chini ya darubini. Daktari Yasargil alifanya hivyo kwa mara ya kwanza Zurich mwaka 1967. Faida yake ni kwamba damu inafika siku hiyo hiyo. Taabu yake kwa watoto ni kwamba mishipa hiyo ni myembamba mno, mingine haifiki milimita moja.

Ya pili ndiyo wengi huwafanyia watoto. Mshipa wa panja haukatwi. Unachambuliwa kutoka kwenye ngozi huku damu ikiendelea kupita ndani yake, fuvu linafunguliwa dirisha, utando mgumu unafunguliwa, kisha mshipa unalazwa juu ya ubongo. Kule Boston, daktari R. Michael Scott aliongeza hatua: afungue hata ule utando mwembamba kama wa buibui, aushone mshipa kwenye ngozi ya ubongo yenyewe kwa uzi mwembamba kuliko unywele. Mfupa unarudishwa, umeachiwa nafasi mshipa usibanwe. Halafu unangoja. Ubongo wenye njaa huita mishipa, na ubongo wa mtoto huita kwa sauti kuliko wa mtu mzima. Vijishipa vipya huota vyenyewe, kwa miezi.

Fundi_Bomba

Kwa hiyo ni kama kupanda, si kuunganisha. Nimeelewa. Hiyo kazi yenu siiwezi.

DawaAsili_Tiba

Ndugu zangu msikimbilie kupasua watoto vichwa. Tuna mchanganyiko wa mizizi unaofungua mishipa yote ya mwili kwa siku 21. Aliye tayari anifuate kwa ujumbe

*[Namba ya simu imefutwa. Msimamizi]*

KifaruWaKayole

Yote ya mwili? Hata ya gari langu haipandi mlima, nikuletee?

Mama_wa_Wawili

Nawe mwenye mizizi, nilikutana na mwenzako Muthurwa mwezi wa saba mwaka jana. Alikula pesa yangu na wiki tatu za mtoto wangu. Pesa nimemsamehe.

BintiPwani

Dada pole, na Mungu ampe afya mwanao. Mie niko Nairobi kikazi, kwetu ni Lamu. Nilitaka kujua, shoga yangu, nyinyi hamkuambiwa muende India? Maana huku kwetu ugonjwa wowote wa kichwa ukitajwa, neno la pili ni India na la tatu ni mchango.

Mama_wa_Wawili

Tuliambiwa. Kamati ya harambee ilikuwa ishaundwa, shemeji yangu ndiye mweka hazina. Kilichonizuia ni mambo mawili. Daktari wa upasuaji aliniambia safari ndefu na mtoto anayepoteza nguvu mara tatu kwa wiki inahitaji kupangwa kwa makini, asikaukiwe maji njiani. Halafu nikamuuliza swali ambalo baba watoto alinikanyaga mguu nisiulize: "Wewe mwenyewe umefanya hii kwa watoto wangapi?" Hakukasirika. Akanijibu, akaniambia na waliopata shida. Sisemi India ni mbaya. Nasema uliza swali hilo popote uendapo, kwa sababu mikono iliyozoea ndiyo unayoinunua.

Gharama sitaandika, kila mtu ana bima yake na mfuko wake. Sisi tuliuza gari.

Kuhusu siku zenyewe, maana kuna mtu ameniuliza. Kwanza angiogramu: walimlaza usingizi, wakapitisha mrija mwembamba kutoka kwenye kinena hadi shingoni, wakamwaga dawa ya kuonyesha mishipa. Hapo ndipo niliuona ule moshi kwa macho yangu kwenye skrini. Ni mzuri, mkinielewa. Ni kitu kizuri kukiangalia mpaka ukumbuke kiko wapi.

Wakampa aspirini kila siku, nusu kidonge cha watoto. Upasuaji wa kushoto ukapangwa Novemba. Niliogopa ule usiku wa kutokula, lakini walimlaza jana yake na kumwekea dripu usiku kucha. Kumbe kwa watoto hawa kukaukiwa maji ndio hatari yenyewe, damu ikishuka presha au ikiwa nzito mshipa mwembamba unashindwa. Tangu siku hiyo nyumbani kwangu chupa ya maji inatembea na mtoto kama kivuli.

Ndani alikaa saa nyingi. Sitazisimulia. Kuna kiti cha plastiki pale koridoni nadhani kina alama yangu mpaka leo.

Alipotoka kichwa kilikuwa kimefungwa, jicho limevimba, na jambo la kwanza nililoambiwa ni "asilie". Mtoto wa miaka minane ametoka kufunguliwa fuvu, asilie! Nikadhani ni ukali. Ni kwa sababu ile ile ya pumzi. Kwa hiyo dawa ya maumivu ilitolewa kwa saa, bila kungoja aombe, sindano walizipunguza mpaka zile za lazima, na nesi mmoja alikuwa anamwekea katuni kwenye simu yake mwenyewe kabla ya kubadilisha bandeji. Bando lake mwenyewe! Nikikutana na yule dada mtaani nitambeba mgongoni.

NesiWaUsiku

Siyo mimi, ila nimefurahi.

Watu waelewe upasuaji wenyewe una hatari, na hatari kubwa iko wiki za mwanzo, kabla mishipa mipya haijaota. Kwenye ripoti ya Boston ya mwaka 2004, watoto walikuwa 143. Kumi na mmoja walipata kiharusi ndani ya siku 30. Si wachache. Lakini kwa wale 126 waliofuatiliwa zaidi ya mwaka mmoja, waliopata kiharusi baadaye ni wanne tu. Linganisha na kukaa bila kufanya kitu, ambapo karibu theluthi mbili ya wagonjwa ugonjwa husonga mbele ndani ya miaka mitano. Mzazi aambiwe namba zote mbili, si moja.

Na aspirini: msisome hapa mkaenda kumnunulia mtoto dukani. Aspirini kwa watoto ni ya daktari. Hata anayeitumia kwa sababu hii, akipata tetekuwanga au mafua makali, mpigieni daktari siku hiyo hiyo.

Jaduong_Umoja

Nimesoma nikakaa kimya kwanza. Binti yangu ana selimundu (sickle cell), miaka sita. Tumezoea maumivu ya mifupa, tumezoea kuongezewa damu, nilidhani tunaujua ugonjwa wetu. Mwezi jana aliamka hawezi kushika mswaki. Ikaisha. Nikasema ni ile baridi ya Julai imemwingia tena. Nesi, haya mambo yanahusiana na sisi wa selimundu?

NesiWaUsiku

Jaduong, yanahusiana sana, na samahani nikikuandikia bila kupamba.

Selimundu ni mojawapo ya sababu za mishipa hii kubana. Inaweza kufika mpaka picha ileile ya moshi. Zamani, kabla ya kupimwa mapema, karibu mtoto 1 kati ya 10 wenye selimundu ya SS (aliyoirithi kwa baba na kwa mama) alipata kiharusi kabla ya kufika miaka 20.

Kuna kipimo kinachoitwa TCD. Ni kama ile skani ya wajawazito, ila kifaa kinawekwa kwenye panja. Hakiumi, hakuna sindano. Kinapima kasi ya damu kwenye mishipa ya ubongo, maana njia ikibana maji hukimbia, Fundi atakuambia. Ikifika sentimita 200 kwa sekunde au kuzidi, ni hatari. Utafiti wa Marekani wa mwaka 1998 ulionyesha kwamba watoto wa kiwango hicho wakiongezewa damu kila mwezi, viharusi vilipungua kwa zaidi ya asilimia 90. Mtoto wa SS anafaa kupimwa kila mwaka kuanzia miaka 2 hadi 16.

Ila binti yako alishaonyesha dalili. Huyo hangoji kliniki ya kila mwezi. Mpeleke kesho, useme hivi: "Ana selimundu, alipoteza nguvu ya mkono, ikarudi." Usiseme "amechoka". Wakimwona, omba TCD na MRI. Na uulize kuhusu hidroksiyurea, ile dawa ya kumeza ya selimundu, kama hatumii. Ile dawa imefanyiwa utafiti na watoto wetu wenyewe, Kilifi ilikuwa moja ya vituo vinne vya Afrika.

Jaduong_Umoja

Kwa hiyo naye atapasuliwa?

NesiWaUsiku

Si lazima, na si kwanza. Kwa selimundu, damu ndiyo hutangulia: kuongezewa au kubadilishwa. Upasuaji huzungumzwa kama mishipa imeshafika kwenye moyamoya na viharusi vinaendelea licha ya damu. Hata hapo, kabla ya kuingia thieta hupunguza kwanza ile damu ya selimundu mwilini. Tusitangulie. Kipimo kwanza.

MwalimuWaGredi4

Mimi ni mwalimu na nimesoma lile la "anajifanya" nikainamisha kichwa, kwa sababu nimewahi kulisema, si kwa mtoto huyu. Mama wa Wawili, nina swali la kazi. Kwenye mtaala wa sasa watoto wa darasa langu wanafundishwa kupuliza rekoda, ile filimbi ya shule. Kama ningekuwa na mtoto wako darasani ningefanya nini?

Mama_wa_Wawili

Mwalimu, umegusa penyewe. Muhula wa pili nilienda shuleni na barua ya daktari: asipulize rekoda, asishindane mbio, anywe maji hata katikati ya somo, akiruhusiwa kwenda choo asihesabiwe. Mwalimu wa muziki akaisoma mara mbili, akampa kayamba. Sasa nyumba nzima hatulali, lakini pumzi iko sawa.

Jambo moja tu walimu wote wajue: akidondosha kalamu au maneno yakikwama, mlazeni chini, mpeni maji kama anameza vizuri, mtulizeni, kisha mpige simu. Msimsimamishe mbele ya wenzake. Na isipopita, ni hospitali moja kwa moja.

BintiPwani

Na sasa yuko vipi, dada? Umetuacha Novemba.

Mama_wa_Wawili

Upande wa kulia ulifanywa Januari. Wapo madaktari wanaofanya pande zote siku moja, wetu alitaka kuachanisha. Miezi miwili ya kwanza mkono bado ulikuwa unalala, mara mbili, mara tatu, nami nikawa nalia bafuni nikidhani tumefanya kazi bure. Daktari alikuwa ametuonya kwamba mishipa inaota polepole. Mwezi wa nne nikagundua sijaandika kitu kwenye daftari la matukio kwa wiki tano. Tangu Mei, hamna.

Wiki jana amerudia angiogramu. Upande wa kushoto mshipa wa panja umenenepa, umetoa matawi kama mzizi wa mpera. Kulia umeota kiasi, si kama kushoto. Ule moshi umepungua. Aspirini inaendelea, picha zitaendelea. Kusoma kuko nyuma kidogo, hasa hesabu za kichwa, na vidole vya kulia havina ule wepesi wa zamani.

Kinyozi wetu alipoona makovu mara ya kwanza alizima mashine. Kijana akamwambia, "Endelea tu, hapo ndipo damu inapitia." Akampa na nafasi aguse panja asikie.

KifaruWaKayole

Huyo kijana mwambieni ana shabiki Kayole.

Jaduong_Umoja

Nimerudi. Tulilazwa siku nne. MRI haikuonyesha kovu. TCD ni 184. Wamesema si ya kawaida na haijafika 200, iko katikati, lakini kwa sababu ya ule mkono hawataki kungoja. Ameongezewa damu, hidroksiyurea imeanza, na TCD inarudiwa Februari. Niliwaambia vile nesi alisema, neno kwa neno. Yule daktari akaniuliza ni nani alinifundisha kusema hivyo.

NesiWaUsiku

Andika tarehe ya Februari ukutani. Na siku ya kuongezewa damu tena ikikaribia, usisubiri wakupigie.

Jaduong_Umoja

Nimeiandika kwenye mlango wa friji. Nitaileta namba hapa ikitoka.

Mama_wa_Wawili

Ilete hata kama ni saa nane za usiku, Baba. Mimi huwa macho.